Figo zangu, lupasi, na dripu ya kushusha kinga: nilikokosea na nilichojifunza

Wiki iliyopita mteja wangu alikuja na binti yake wa miaka 19 kuchukua gauni, gauni lenyewe likabaki mezani maana maongezi yaligeuka. Binti ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, mkojo umeanza kutoka povu, wameambiwa ataanza dripu za kushusha kinga na mama mtu kakonda kwa mawazo kuliko hata mgonjwa. Tukaongea kama masaa mawili. Walivyoondoka nikakumbuka mambo kibao niliyosahau kuwaambia, ndo nikaona niandike kabisa. Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro, sio daktari, kwahiyo chukua haya kama maneno ya mtu aliyepita njia yenyewe akajikwaa, halafu dozi zako na maamuzi yako uongee na dokta wako.

Kwangu ilianza 2019 na vidole. Naamka asubuhi vimekakamaa, mkasi siushiki, inabidi nisubiri mpaka saa nne hivi ndo niweze hata kupitisha uzi kwenye sindano. Nikajua ni kazi tu, kushona sana. Na hapa ndo kosa langu la kwanza na kubwa kuliko yote: diklofenaki. Nilikuwa napita duka la dawa nanunua, nakunywa mbili asubuhi, moja jioni, siku ya sare za harusi nakunywa hata nne. Karibu mwaka na nusu hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwanini nanunua kila wiki, na mi sikumuuliza mtu. Baadaye ndo naambiwa hizo dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zinabana damu inayoingia kwenye figo, na mtu ambaye figo zake tayari zinashambuliwa ni kama unamsukuma aliyesimama ukingoni.

Halafu uso. Ukatoka na weusi wa kuungua kwenye mashavu yote mawili kupita juu ya pua, nikitoka juani unawaka. Mtaani wakasema mkorogo. Fundi kaanza kujichubua! Mama mkwe akaniita kabisa pembeni, "mwanangu, rangi uliyopewa na Mungu inakutosha". Nililia siku ile, sikuwahi kupaka chochote zaidi ya mafuta ya nazi. Kumbe jua ni adui wa lupasi, linaiamsha, na mi cherehani yangu ilikuwa barazani inapigwa na jua la asubuhi lote. Siku hizi nashonea ndani, nikitoka ni mwavuli na mikono mirefu, watu walishazoea.

Zahanati nilitibiwa malaria, taifodi, UTI, UTI tena. Mpaka 2021 miguu ikavimba viatu havivaliki, na mkojo ukawa na povu ambalo halikatiki hata ukimwaga maji, kama mtu kamwaga sabuni ya unga. Nesi mmoja wa kliniki ya presha, Mungu ambariki, kupima presha akakuta 170 kwa 110, akachovya kile kijiti kwenye mkojo kikasoma protini alama tatu. Akaniambia dada, hii sio UTI, nenda hospitali kubwa leo. Nilienda kesho yake maana kulikuwa na sare za watu, lakini nilienda.

Vipimo vya damu vilikuwa vingi, ANA na ile ya kingamwili dhidi ya DNA, zinazoonyesha kinga inaushambulia mwili wenyewe, C3 na C4, protini za kinga zinazoisha lupasi ikiwaka, ziko chini, na kriatinini, ile taka ambayo figo zinatakiwa kuichuja, iko juu. Dokta akanieleza hivi na sijapata maelezo mazuri kuliko haya: kinga ya mwili ni kama mgambo wa soko, kazi yao ni kufukuza wezi, sasa kwenye lupasi mgambo wanachanganyikiwa wanaanza kupindua meza za wamachinga wenyewe. Kwa mwingine wanapindua ngozi na viungo tu, kwa mwingine wanaingia kwenye figo, mapafu, moyo, hata ubongo. Haiambukizi. Karibu tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi inawaanza umri wa kuzaa. Wala hujarogwa, ingawa na mi laki mbili zangu zilishaishia kwa mganga wa Kilosa na sidhani kama nitazirudishiwa.

Wakanitoa kinyama cha figo ili wajue uharibifu uko daraja gani. Watu wanaogopa sana hiki kipimo. Unalala kifudifudi na mto chini ya tumbo, wanakuchoma ganzi mgongoni, wanaangalia figo kwa utrasaundi, unasikia "tak!" kama stepula, basi. Kinachochosha ni baada ya hapo, unalala chali masaa sita hivi hutakiwi kuinuka na kila mkojo wanauangalia kama una damu. Usikikatae. Madaraja yako sita na matibabu hayafanani, bila kile kinyama dokta anabahatisha. Mi nilikuwa daraja la 4, ambalo ni kali lakini linatibika ukiwahi.

Awamu ya kwanza ilikuwa steroidi, dawa za kutuliza kinga haraka, za mshipani siku tatu mfululizo, halafu prednisoloni ambayo ni steroidi ya vidonge, na dripu ya saiklofosfamaidi, dawa kali ya kushusha kinga, miligramu 500 kila baada ya wiki mbili mara sita, yaani jumla gramu 3. Dawa yenyewe haikuwa ghali kihivyo. Iliyoniumiza ni nauli ya Dar mara sita, chakula, kulala kwa shangazi Mbagala, na siku ambazo cherehani haizunguki. Ukipiga hesabu ya ugonjwa piga na siku ambazo hujafanya kazi, sisi wa kujiajiri hakuna anayetulipa tukilala. Siku ya dripu na kesho yake kunywa maji kama dokta alivyokupangia, maana ile dawa ikikaa kwenye kibofu inakichubua. Na kama bado unataka mtoto, sema kabla. Ile dawa inaweza kuharibu mayai ya uzazi, inategemea umri na jumla ya dozi, na mi nilikuwa na mtoto mmoja tu. Hakuna aliyenigusia mpaka dripu ya tatu, mwenzangu wa kitanda cha jirani ndo akaniambia. Kwangu hedhi ilipotea miezi minne ikarudi. Ningependa kuambiwa mapema ili wasiwasi wangu nao uwe na ratiba.

Sasa prednisoloni, au predi kama tunavyoiita. Nilianza na vidonge nane kwa siku. Nikawa na njaa ya ajabu, saa nane usiku naamka kupasha wali. Uso ukajaa mviringo kama sahani. Na hapa ndo vituko, wale wale waliosema mkorogo wakaanza "fundi umenawiri, baba watoto anakutunza". Nimenawiri! Huku usingizi sina, sukari imepanda, mapaja hayana nguvu ya kupanda daladala. Lakini kwenye kioo sikujitambua, na Februari 2022 nilivyoona mkojo hauna povu tena nikaziacha. Zote, siku moja. Siku ya nne nikaanza kutapika, mwili hauna nguvu, nikaanguka bafuni. Presha ilishuka mpaka nesi akapima mara mbili. Nikaelezwa kwamba mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza steroidi yake yenyewe, ukiletewa kutoka nje kwa miezi zinalala, ukikata ghafla hazijaamka bado na unaweza kufa. Predi inashushwa kidogo kidogo kwa ratiba ya dokta, hata kama unaichukia kama mi.

Baada ya hapo nikawekwa kwenye mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, vidonge asubuhi na jioni, pamoja na haidroksiklorokwini ambayo nimeambiwa karibu kila mwenye lupasi anatakiwa aimeze kwa miaka. Mama aliposikia jina akaruka, yeye anakumbuka klorokwini ile ya malaria iliyoachwa hapa Tanzania 2001, ilivyokuwa inawasha watu mwili mzima. Ni ndugu yake tu. Ila upimwe macho mwanzoni na uendelee kupimwa, hasa kama figo hazifanyi kazi vizuri, na dozi waiangalie kwa uzito wako. Mikofenoleti yenyewe ukiwa unaitumia usibebe mimba kabisa, inaharibu mtoto, inatakiwa iwe imesimamishwa angalau wiki sita kabla ya kuanza kutafuta. Mi niliwekewa kijiti cha uzazi wa mpango maana vidonge vya mpango vyenye estrojeni havishauriwi lupasi ikiwa imewaka.

Hiyo mikofenoleti ilikuwa inanila hela. Bima niliyokuwa nayo ililipa kitanda na vipimo, dawa hiyo ikagoma, barua tatu nimeandika hamna jibu. Kwahiyo nikafanya ujanja wa maskini, nikawa nameza nusu ya dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na kliniki nasema nameza zote. Dokta akiona protini haishuki anadhani dawa imeshindwa, kumbe mi ndo nimeshindwa kusema ukweli. Aibu ya hela ni mbaya. Baadaye sana nilivyokiri hakunigombeza, alisema tu "ungeniambia tungebadilisha, kuna nyingine ya bei nafuu", na kweli ipo, azathioprini, kwa mtu ambaye hali imetulia. Katikati ya 2023 povu likarudi, miguu ikavimba, protini kwenye mkojo ikasoma karibu gramu 5.

Ndo tukafika kwenye rituksimabu. Hii sio ya kupiga mgambo wote kichwani kama predi. Inalenga kundi moja, seli B zenye alama inayoitwa CD20, ambazo ndo chanzo cha kingamwili zinazotushambulia. Ilianza kama dawa ya limfoma, saratani ya tezi za limfu, miaka ya 1990. Dokta hakunidanganya, aliniambia utafiti mkubwa wa figo za lupasi uliotoka 2012 haukuonyesha kwamba kuiongeza juu ya dawa za kawaida kunaleta ushindi walioutarajia, ila kwa wagonjwa waliogomewa na dawa za mwanzo inatumika na wengi inawasaidia. Wifi yangu akaanza kunitumia habari za Ujerumani, mji wa Erlangen, ambako wanachukua seli za mgonjwa wanazifundisha maabara na kumrudishia, na wagonjwa watano wa mwanzo walioripotiwa 2022 lupasi ilitulia bila dawa. Ni kweli kabisa na inatia moyo. Lakini mi nilikuwa natafuta hela ya chupa nne, Erlangen niliwaachia wenyewe.

Chupa nne za miligramu 500, mbili siku ya kwanza na mbili baada ya wiki mbili. Nilipata ile inayofanana nayo iliyotengenezwa India, ambayo dokta aliikubali, na kwa wakati ule ilinifikia milioni tatu na ushee zote. Nikauza ovaloki yangu, mashine ya kumalizia pindo, kikoba wakanipa milioni moja, baba watoto akauza mbuzi. Nilikaribia kuchukua mkopo wa kausha damu, nashukuru sikuchukua, mwenzangu wa wodini alichukua na yule bwana wa mkopo alikuwa anampigia simu akiwa na kanula mkononi.

Kitu kimoja kuhusu hizo chupa, zinakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 na hazitakiwi kuganda. Famasi walinipa kwenye kiboksi chenye barafu, nikafika nacho Mbagala jioni, nikamkuta shangazi ameshakipokea anafungua friza, anataka kuzipanga kati ya barafu za ukwaju anazouza. "Si umesema baridi mwanangu?" Milioni tatu! Zikalala kwenye mlango wa friji ya chini na mi nikalala kwenye kochi karibu nayo nikiomba umeme usikatike. Mara ya pili niliomba hospitali wanitunzie kwenye friji yao. Wana utaratibu huo, sikuwa nimeuliza tu.

Kabla ya dripu kuna vipimo usikubali virukwe. Homa ya ini B kwanza kabisa, maana virusi vinaweza kuwa vimejificha bila dalili halafu seli B zikiondoka vinaamka na kula ini. Mwenzangu mmoja alikutwa navyo, hakuwa anajua, akaanzishiwa dawa ya virusi kwanza ndo akaendelea. VVU, picha ya kifua kuangalia TB, mimba, kiwango cha kinga kwenye damu. Mi nilipewa na dawa za minyoo, kuna mnyoo anaweza kukaa kimya miaka halafu steroidi zikampa uhuru wa kutembea mwili mzima. Chanjo pia, ya nimonia na zingine zisizo hai upate kabla, ikiwezekana wiki kadhaa, kwasababu baada ya dripu mwili hauna seli za kuitikia chanjo. Zile hai, kama ya homa ya manjano, ukiwa kwenye dawa hizi usichome, hata kama safari inadai cheti, muombe dokta barua.

Siku yenyewe wanakupa panadoli, dawa ya mzio na steroidi kidogo, wanasubiri nusu saa ndo wanafungua dripu polepole sana, wanaongeza kila nusu saa kama uko sawa. Ya kwanza ilichukua karibu masaa sita, beba chakula na shuka. Kosa langu asubuhi ile nilimeza dawa zangu za presha kama kawaida. Dripu ilivyoanza kukolea presha ikashuka, macho yakaona giza, na koo likaanza kuwasha kwa ndani ambako huwezi kukuna. Sikusema! Nilijua labda wataniondolea na hela yangu imeshamwagika. Sista ndo aliniona nameza mate ovyo, akafunga, akanidunga dawa ya mzio, tukapumzika kama dakika arobaini akaanza tena taratibu, ikaisha salama. Kwahiyo muulize dokta kuhusu dawa ya presha asubuhi ya dripu, na koo likiwasha, kifua kikibana, baridi ikikutetemesha, sema hapo hapo. Kumwaga hela ni ukikaa kimya mpaka hali iwe mbaya. Dripu ya pili niliimaliza nikiwa nimelala.

Halafu nikarudi nyumbani nikajiona nimepona, na hapo ndo palipokaribia kuniua.

Wiki ya saba nikaanza kusikia moto ubavuni kulia, baada ya siku mbili vikatoka vipele vya maji vimejipanga kuzunguka mpaka mgongoni. Mkanda wa jeshi. Kila mtu anajua mtaani mkanda wa jeshi unasomwaje, hata kama nilipima VVU mwezi mmoja kabla ya dripu na sina. Nikavaa gauni pana, nikapaka majivu ya majani niliyopewa na jirani, nikakaa siku tatu. Dawa yake, asaikloviri, inafanya kazi vizuri ukiianza ndani ya siku tatu za vipele, na mi hizo tatu nilizitumia kuogopa midomo ya watu. Usiku wa nne homa 39.5, nikapelekwa nimekaa katikati ya bodaboda. Nikalazwa siku tisa na dripu ya asaikloviri wanaipima kwa makini kwasababu ya figo. Mpaka leo ubavu huo unaniwasha na kuchoma nguo ikigusa, hasa nikiwa nimeinamia cherehani.

Tangu siku hiyo nina kipimajoto kwenye droo ya vifungo. Ikifika 38 sinywi panadoli nikalala, naenda. Na nikifika nasema sentensi yangu kabla sijakaa: "nina lupasi ya figo, nipo kwenye dawa za kushusha kinga, nilipata rituksimabu mwezi fulani". Nimeiandika na kwenye karatasi nyuma ya kadi ya kliniki, maana ukiwa na homa kali hukumbuki. Malaria wapime, sawa, chandarua siachi, ila wasiishie hapo, ikiwa sio malaria bado kuna nimonia, mkojo, TB. Na septrini niliyopewa kunikinga na nimonia ilinitoa upele mwili mzima, nikaambiwa watu wa lupasi tunagombana sana na dawa za salfa, kwahiyo hilo nalo limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Matokeo hayakuja haraka. Nilitegemea mwezi mmoja povu liishe, dokta akanichorea kwamba wanatafuta protini ipungue robo kufikia miezi mitatu, nusu kufikia sita, na mwaka ikiwa chini ya gramu 0.7 hivi wanafurahi. Yangu ilienda 4.9, 3.8, 2.1, na mwisho wa 2024 ikasoma 0.6. Kriatinini haijarudi kama ya mtu asiye na ugonjwa, kuna sehemu ya figo ilishakuwa kovu na kovu halifutiki. Lakini sijasafishwa damu hata mara moja. Bado nameza mikofenoleti, sasa dozi kamili, predi kidonge kimoja, haidroksiklorokwini, na losatani ya presha. Kila miezi mitatu napeleka mkojo wa asubuhi kwenye kikopo, na bado moyo unadunda nikisubiri karatasi.

Binti wa mteja anaanza Jumatatu. Nimempa kiboksi changu cha barafu na namba ya famasi, na mama yake nimemwambia aulize habari ya mayai ya uzazi kabla hawajafungua dripu hata moja. Gauni walilisahau, liko hapa limening'inia. Ovaloki sijairudisha bado, aliyeinunua ni fundi mwenzangu wa Mji Mpya, Jumamosi ananiruhusu naenda kumalizia pindo zangu kwake.